Meneja Hajala

2 Februari

Mume wangu,

Shikamoo yako nimeipokea ingawa hujaituma. Hujambo? Kifua je? Mimi mzima, ila magoti yameanza kudai pensheni yao peke yao. Juzi nilisikia simu yako ikiita, lakini unajua masikio yangu na simu hayapatani. Nasikia "bibi, bibi," halafu upepo. Wewe andika tu.

Haya, la nyumbani. Yule paka Meneja ameanza tena. Anagaagaa sakafuni, analia kutwa kucha, na madume yote ya mtaa yamejipanga ukutani kama yanasubiri kuajiriwa. Mwenye nyumba amekuja mwenyewe na kandambili zake, akasimama mlangoni: "Mama, vitoto vya kwanza nilinyamaza, vya pili nilinyamaza. Nikiona vingine humu, paka aondoke, la sivyo muondoke wote wawili." Nilimjibu vizuri. Karibu vizuri.

Jirani yangu fundi cherehani anasema dawa ni kumfunga kizazi. Mnyama hajanikosea kitu, nimpeleke akapasuliwe? Lakini kumtupa nako siwezi. Ulimleta wewe ndani ya sanduku la viatu, ukaenda zako kutafuta maisha, ukaniachia. Paka ni wako, mimi mlezi tu. Niambie tufanyeje.

Bibi yako, mkeo mkubwa

11 Februari

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, kifua kimetulia tangu wanitoe kwenye mvuke wa chumba cha kufulia. Sasa nakunja mashuka ya hoteli kutoka asubuhi hadi jioni, nikifumba macho naona meupe tu. Magoti yakande kwa maji ya moto, usiyafanyie utani.

Nimepiga simu huku na huku wakati wa mapumziko. Kuna sindano za kumzuia asipate joto. Ni rahisi, lakini nimeambiwa akizizoea anaweza kuugua kizazi, kwa hiyo hizo nimezikataa. Kuna hospitali kubwa ya wanyama: wanampima damu kwanza, analala hapo, anapewa dawa za maumivu na ile kola ya plastiki asilambe mshono. Nilipotajiwa bei nikamwuliza dada aliyepokea simu kama na mimi nalazwa. Halafu kuna daktari wa mifugo anayefunga hema sokoni kila mwisho wa mwezi. Upasuaji ni ule ule, ila damu hapimi, na jioni unaondoka naye ukamwuguze mwenyewe. Bei yake ni robo.

Nimechagua hema. Usinione bahili, Bibi, nina sababu yangu, utaijua. Pesa nimemtumia fundi cherehani. Badala ya kola, yeye atamshonea fulana ya kitambaa, inafaa vilevile.

Jambo moja tu: asile chochote tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Akila, chakula kitarudi akiwa kwenye nusukaputi na kuingia mapafuni. Ila namwambia nani? Umepika hospitali maisha yako yote, unalijua kuliko mimi.

Mjukuu wako

19 Februari

Mume wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, magoti nimeyakanda, yanasema ahsante.

Nimekubali. Nimekubali kwa shingo upande, ujue hivyo. Nilikuwa nauliza tu, hatuwezi kungoja azae mara moja ya mwisho? Mwenye nyumba ni mtu wa maneno, nitampoza. Vile vitoto vya mwaka jana unavikumbuka? Kile cha rangi ya chai kilikuwa kinalala ndani ya kiatu changu. Vyote vimechukuliwa na watu, wala sivioni.

Basi, nimesema tu. Hema linakuja Jumamosi ya mwisho. Nitampeleka na fundi cherehani.

Bibi yako

2 Machi

Bibi,

Shikamoo. Sijui hata nianzeje kukuuliza hali.

Fundi cherehani amenipigia. Amesema Meneja alishindwa kupumua akiwa mezani, akageuka rangi, na daktari akambeba mwenyewe kwenye gari lake mpaka hospitali kubwa. Wamemwekea hewa, mapafu yameingia uchafu. Nimeshalipa, usiwe na wasiwasi na hilo.

Bibi, nisamehe. Kosa ni langu. Pesa ya hospitali kubwa nilikuwa nayo. Ilikuwa nauli. Nilitaka nije Aprili bila kukwambia, nisimame mlangoni nikuone unavyoruka. Ndiyo sababu nilichagua hema, nauli isiguswe. Sasa nauli yote imekwenda, na mnyama nimemwumiza juu yake. Nakunja mashuka huku nalia kama mtoto, msimamizi ananiuliza kama nina mafua.

Na kinachonichoma zaidi, fundi anasema daktari anadai paka alikuwa amekula. Eti! Dawa yake imemshinda, anamsingizia bibi yangu. Simwachi huyo.

Mjukuu wako

9 Machi

Mume wangu,

Salamu. Meneja amerudi nyumbani. Anapumua, anakula kidogo kidogo. Sauti imekwaruza, akilia ni kama mlango usiotiwa mafuta. Fulana ya fundi imefunika mshono, inampendeza, ina maua.

Mvua imenyesha. Bomba la uani limetengenezwa. Mwenye nyumba amekuja kumwangalia mgonjwa, kaleta hata maziwa.

Usilie kazini. Na huyo daktari muache kwanza.

Bibi yako

18 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi, nikajua bado una uchungu na mimi. Una haki.

Kumwacha daktari siwezi. Wewe ni mpole mno. Fundi anasema sokoni wote wameshajua, wamemwambia ahamishe hema lake, hakuna anayetaka kumpa mnyama. Vizuri. Mimi nimemwandikia mkubwa wake, kazini kuna mtu amenisaidia kupanga maneno. Katikati ya mwezi ujao naituma, asipate tena ruhusa ya kugusa hata kuku.

Mjukuu wako

29 Machi

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mume. Kaa chini kwanza.

Usiitume hiyo barua. Meneja alikuwa amekula. Nilimlisha mimi.

Asubuhi ile niliamka mapema. Alikuwa amekaa kando ya kibakuli chake, halii, ananitazama tu. Nikampa samaki. Usije ukafikiri nilisahau. Nilijua kabisa. Kule hospitali, kitanda chenye kibao cha "asipewe chochote" sikukipa hata kijiko cha uji, mgonjwa anililie asinililie. Nilimlisha makusudi ili daktari aturudishe. Nikasema moyoni, tukirudishwa, mpaka mwezi ujao atakuwa ameshabeba mimba, na hapo hakuna wa kumpasua.

Nilifika sokoni na maneno yangu tayari: ole, daktari, amekula. Foleni ndefu. Mbele yangu kulikuwa na bwana mmoja, mbwa wake kanywa maziwa, daktari akamrudisha, watu wakamcheka mpaka akakosa pa kuweka uso. Ikafika zamu yangu. "Mama, amekula?" Kabla sijafungua mdomo, fundi cherehani akadakia: "Huyu alikuwa mpishi wa hospitali, unamwuliza yeye hilo?" Wote wakanigeukia kwa heshima. Ukoo wetu na sifa, unaujua.

Nikasema, "Hajala."

Hivyo tu. Nikamweka Meneja mikononi mwa daktari, nikakaa kwenye benchi. Niliona pazia la hema likitikisika na watu wakikimbia. Hata hapo, mwanangu, hata hapo mdomo ulikuwa mzito. Daktari alinijia jasho linamtoka, akaniuliza mara ya pili. Nikamjibu vilevile.

Unajua kwa nini nilitaka vitoto? Vikiwapo, nyumba ina watu. Nagawa chakula, nagombeza, naamka kuna wa kunisumbua. Tangu uondoke napikia kile kisufuria kidogo, na bado chakula kinabaki. Kumbe wewe ulikuwa unaweka nauli. Ulipoandika hivyo niliikunja barua nikaiweka chini ya godoro, sikuweza kuwa nayo mahali ninapoiona. Mimi ndiye niliyekuzuia kuja. Nimekuzuia kwa kipande cha samaki.

Jana hema lilikuja. Wamemsukuma daktari mpaka kule jalalani, hana mteja hata mmoja. Nilikwenda mikono mitupu. Akaniuliza, "Mama, umemleta nani?" Nikamwambia nimejileta mwenyewe. Nikasema yote, kwa sauti, muuza nyama akasikia, na ukishamwambia muuza nyama umeshaliambia soko zima. Fundi cherehani aliinamisha kichwa. Tangu jana hajanisalimia.

Daktari hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alinawa mikono, akasema, "Ungeniambia tu, mama, ningekupangia mwezi mwingine." Basi. Kumbe lilikuwa jambo dogo hivyo.

Usijilaumu tena. Hema halikuwa na kosa, wala wewe.

Bibi

20 Aprili

Mjukuu wangu,

Hujambo? Kifua je? Hujajibu. Sikulaumu.

Meneja hajambo. Fundi cherehani amenisalimia juzi, kwa mkato, lakini amenisalimia. Daktari amepata wateja watatu.

Bibi

6 Mei

Bibi,

Shikamoo.

Nilikasirika, sikufichi. Barua yako niliisoma pale kazini nikaichana katikati, halafu nikaiunganisha kwa utepe. Kila jioni nilikuwa nashika kalamu na kuandika maneno ambayo mjukuu hamwandikii bibi yake, kwa hiyo nikaona ninyamaze kwanza. Ningekuwa nimemharibia yule daktari kazi yake, Bibi. Barua ya mkubwa wake ilikuwa na stempu tayari.

Ile nimeichoma. Nimemwandikia daktari nyingine, ya kumwomba radhi, maana na mimi nilimhukumu bila kumwuliza mtu.

Halafu nilirudia kusoma pale kwenye kisufuria kidogo. Mimi nilidhani ninakutunza kwa kutuma pesa. Kila ukiandika "mimi mzima" niliamini, kwa sababu ilinifaa kuamini. Kabla hujasema hajala ilhali kala, ulikuwa umeshaniambia mzima ilhali si mzima. Sikukuuliza mara ya pili. Daktari wa paka alikuuliza mara mbili.

Nauli nimeanza upya. Itachukua muda, labda mpaka mwisho wa mwaka, na safari hii nakwambia mapema ili uwe na kitu cha kungoja. Toa ile sufuria kubwa uisugue.

Nitakula njiani, unajua nisipokula kwenye safari naumwa kichwa. Lakini nikifika mlangoni ukaniuliza kama nimekula, nitakujibu sijala. Usinibishie. Wewe pakua tu.

Mumeo