Bibi Aliyeungama kwa Kinyambo

Jumapili ya Huruma ya Mungu, jioni. Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa nne, na mpaka sasa migomba inadondosha matone. Nimerudi chumbani kwangu Nyakahanga, ninakofanya kazi ya kushona, nikiwa na tope hadi magotini. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, ndiyo maana naandika kabla hata ya kunawa miguu.

Lakini furaha hii haitaeleweka nisipoanza na jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Kwa miaka mitatu nimemficha bibi yangu ujumbe.

Bibi Leokadia ndiye aliyenilea, kule Kamuli, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba na mibuni. Babu alipofariki watu walijaa nyumbani siku zote za matanga, ila mtu mmoja hakuonekana: Domitila, mdogo wake bibi wa tumbo moja, aliyeolewa Kibingo. Hakuja, hakuleta hata salamu. Bibi aliumia mno. Matanga yalipokwisha akasema mbele yetu sote, "Kibingo sina mtu," na tangu siku hiyo jina la Domitila halikutajwa tena katika nyumba ile.

Kama mwezi hivi baadaye nikapigiwa simu. Alikuwa mjukuu wa Domitila. Akanieleza kwamba wakati wa msiba bibi yake alikuwa hoi kwa malaria, hata kuketi haketi, na wao waliogopa kumwambia kuwa shemeji yake amefariki. Sasa amepata nafuu, ameambiwa, analia kila siku. Miguu haina nguvu ya kusafiri. Anaomba dada yake aje.

Nikajibu, "Nitamwambia."

Sikumwambia. Wiki ile presha ya bibi ilikuwa juu na muuguzi alikuwa ametuonya tusimshtue. Nikasema ngoja itulie. Ikatulia. Nikasema ngoja tuvune kahawa kwanza. Tukavuna, tukaanika, tukamaliza. Kufikia hapo kilichonizuia hakikuwa presha tena, ilikuwa aibu. Ningeanzaje kutoa ujumbe wa miezi sita? Wa mwaka mzima? Yule mjukuu alipiga tena mara mbili nikamdanganya kuwa bibi anajiandaa. Mara ya tatu niliitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza.

Na mimi ndiye ninayeongoza Rozari ya Huruma kwenye jumuiya yetu kila Ijumaa saa tisa alasiri. Watu husema nina sauti ya kusalisha. Hata nikiwa kwenye cherehani, saa tisa ikifika naacha gauni la mteja likining'inia, nasali. Naomba huruma kwa ajili yangu na ya dunia nzima, kisha narudi kushona, na Domitila yuko Kibingo anasubiri.

Komunyo nilikuwa nimeacha kupokea. Nilijitafutia kazi ya kuwashika watoto wa wanakwaya, ili watu wasione kuwa nabaki kwenye benchi.

Ndivyo nilivyokuwa hadi juzi Ijumaa, bibi aliponipigia. "Adventina, njoo kesho unipeleke kuungama. Siwezi kuingia Jumapili ya Huruma na mzigo."

Kuna jambo la kueleza hapa. Paroko wetu wa zamani, aliyemwungamisha bibi kwa miaka mingi, alikuwa Mnyambo. Alihamishwa mwanzoni mwa mwaka. Aliyekuja ni padri kijana kutoka mikoa ya kusini, mcheshi, anapenda watu, lakini Kinyambo chake kinaishia kwenye salamu. Bibi naye Kiswahili anakielewa, ila ni cha kununulia chumvi na kukaribishia wageni. Nikamwambia aungame kwa hicho hicho alicho nacho.

"Dhambi zangu nilizitenda kwa Kinyambo," akanijibu. "Nikizisema kwa Kiswahili zitakuwa za mtu mwingine."

Basi jana asubuhi tukaenda. Kigango chetu cha Kamuli hakina kiti cha maungamo cha kujifungia kama kule parokiani. Padri huketi karibu na dirisha la mwisho, stola ya zambarau shingoni, na anayeungama huketi kando yake. Sisi wengine tunasubiri kwenye mabenchi ya nyuma; tunaona, hatusikii. Zamu ya bibi ilipofika katekista akanigusa bega. "Nenda ukamtafsirie."

Nilijua bibi atamsema nani. Yaani mimi, kwa mdomo wangu, nitamtafsiria padri kinyongo ambacho mimi mwenyewe ndiye nimekilisha miaka mitatu!

Tukasalimiana na padri. Akanieleza kwa upole kwamba mkalimani anafungwa na siri, nitakachosikia pale kiishie pale. Nikaitikia kwa kichwa tu.

Bibi alikuwa ananitazama usoni. Sijui aliona nini. Akasema, "Muulize kama Mungu anajua Kinyambo."

Nikamuuliza. Padri akacheka. "Mwambie anakijua kuliko watu wote wa wilaya hii ya Kyerwa."

"Basi wewe toka," bibi akaniambia.

Nikamgeukia padri kwa wasiwasi. Akainua mkono. "Mwache, dada. Halazimishwi kuungama kupitia kwa mtu. Ataongea na Mungu, mimi nitakaa naye. Majuto yake nitayaona."

Nikarudi kwenye benchi. Bibi akaanza.

Aliongea, akaongea. Padri ameinamisha kichwa, anakitikisa taratibu kama mtu anayeelewa kila neno. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Huyu ameanzia utotoni." Mzee wa pembeni akamjibu, "Nadhani ameanzia kwa wazazi wake." Benchi zima likajikaza lisicheke. Hata mimi nilikuwa karibu kucheka, mpaka bibi alipoinua mkono akaonyesha nje ya dirisha, upande wa Kibingo, kisha akaushusha na kujifuta macho kwa kitenge.

Pale nilitamani sakafu ipasuke.

Padri akanyoosha mkono juu ya kichwa cha bibi, akamwondolea dhambi. Halafu akaitoa rozari mfukoni, akashika punje moja, akamwonyesha vidole vitatu. Nadhani alimaanisha Salamu Maria tatu. Bibi akaelewa rozari tatu nzima, na alizisali zote jana hiyo hiyo bila kulalamika. Nilipojaribu kumrekebisha akasema, "Angekuwa na maana ya chache angenionyesha kidole kimoja."

Alitoka pale anatembea kama mtu aliyetua kuni. "Huyu padri anasikiliza vizuri kuliko wote," akasema. Na tulipofika njiani: "Kesho baada ya Misa unipeleke Kibingo."

Nikatangulia mbele, asinitazame usoni.

Nilimwambia jana mchana, tukiwa tunamenya ndizi mlangoni. Sikupanga maneno. Nilisema tu, "Bibi, Domitila alikuita. Zamani. Alikuwa mgonjwa wakati wa msiba. Wakanipigia mimi, na mimi sikukwambia."

Kisu chake kikasimama. "Lini?"

"Mwaka ule ule, bibi."

Akaniuliza yote, moja baada ya jingine: nani alipiga, alisema nini, ugonjwa gani, alilia au hakulia. Nikajibu kila kitu. Kisha akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilibaki na beseni la ndizi na utomvu mikononi. Kuku alikuja akadonoa maganda miguuni pangu nikashindwa hata kumfukuza.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. "Umeniibia mdogo wangu miaka mitatu," akasema. "Kama angekufa?"

"Nisamehe, bibi."

"Nimekasirika, Adventina. Usidhani sijakasirika." Akaketi, akashika kisu chake. "Lakini asubuhi nimeondolewa dhambi kubwa kuliko hii. Nilimchukia mtu mgonjwa. Nikikunyima wewe msamaha mchana huu huu, kesho itabidi nirudi kupanga foleni, na yule kijana wa watu nitamchosha." Akanisukumia ndizi. "Menya. Hizi ni za Kibingo."

Nililia huku namenya. Yeye akalia kidogo, halafu akaanza kunikosoa kuwa namenya nene.

Leo asubuhi, kabla ya Misa, mimi nilikuwa wa kwanza kuungama pale dirishani. Kwa Kiswahili nilimaliza haraka. Padri hakunigombeza. Aliniambia malipizi yangu niyafanye kwa miguu: niende na bibi Kibingo, na Domitila nimwambie mwenyewe, nisimwachie bibi anisemee. Kisha nikapokea Komunyo. Watoto wa wanakwaya walinitafuta kwenye benchi langu hawakuniona.

Tulikwenda kwa bodaboda, bibi katikati, mimi nyuma nimemkumbatia yeye na furushi la ndizi pamoja. Utelezi ulikuwa mwingi, na kwenye mlima dereva akatuomba tushuke tutembee. Bibi akakataa kushuka. "Wewe sukuma," akamwambia, "mimi nasali." Tukasukuma, yeye juu ameshika usukani kama bibi harusi.

Domitila alikuwa ameketi mlangoni kwake kwenye mkeka, anachambua maharage kwa vidole, maana macho yake yameingia ukungu. Aliposikia hatua akainua uso. "Nani huyo?"

Bibi alisimama pale uani ameshika fimbo yake.

"Nauliza ni nani?"

"Ni mimi," bibi akasema. "Leokadia."

Maharage yote yakamwagika. "Umechelewa, dada."

"Nimechelewa."

"Na umezeeka."

"Huoni, umejuaje?"

"Nasikia unavyohema."

Bibi akacheka, kisha kicheko kikavunjika kikawa kilio, na mdogo wake naye vile vile, wakashikana palepale juu ya mkeka, wazee wawili, kila mmoja anampangusa mwenzake machozi kwa kanga yake. Dereva wa bodaboda akageuka akajifanya anakagua gurudumu.

Nilisubiri watulie. Kisha nikapiga magoti kumsalimia Domitila, kama inavyotakiwa kwetu. "Shikamoo, bibi." Akaitikia marahaba. Sikuinuka. Nikamwambia.

"Ni wewe uliyesema 'nitamwambia'?" akauliza.

"Ni mimi."

"Kila pikipiki ikipita barabarani nilikuwa nainua shingo," akasema. Hakuyasema kwa ukali. Angeyasema kwa ukali, ningeumia kidogo kuliko nilivyoumia. Kisha akanyoosha mkono, akanipapasa shavu, akashuka hadi bega. "Mjukuu wa dada yangu, umekonda hivi kwa ajili ya hilo? Dhambi imekukondesha bure. Inuka uniokotee maharage yangu."

Nikayaokota yote, hata yaliyokuwa chini ya mlango. Sijawahi kufurahia kazi kama ile.

Tukala ndizi na maharage. Saa tisa ilipofika wakaniambia nisalishe Rozari ya Huruma, nikaanza, sauti ikakatika kwenye Baba Yetu. Wakanipokonya. Wakaisalisha wao, kwa Kinyambo, na hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipoanza: Domitila husali mbio kama anayekimbia mvua, bibi husali polepole kama anayevuka daraja la miti. "Ngoja!" huyu anasema. "Harakisha!" mwenzake anamjibu. Mjukuu yule wa kwenye simu, mwanamke mtu mzima mwenye mtoto mgongoni, alinitazama tukacheka hadi tukashika mbavu. Kwake pia niliomba radhi. Akasema alishanitukana vya kutosha siku ile niliyoacha simu ikiita, hanidai kitu.

Nilipomkumbusha bibi kuwa dereva anangoja, akaniangalia kana kwamba nimesema upuuzi. "Nani anaondoka? Nenda wewe. Mwambie jirani alishe kuku."

Nikawaacha. Mpaka nafika barabarani nilikuwa bado nawasikia wakibishana nani kati yao alimsukuma mwenzake mtoni walipokuwa wasichana.

Sasa niko hapa, nimekaa peke yangu, natabasamu kama mjinga. Ndani ya siku mbili nimesamehewa na bibi wawili, padri mmoja na mjukuu mmoja, na hakuna hata mmoja aliyenifanya nijione mdogo. Nilikuwa nikiisali huruma ya Mungu kila siku saa tisa, na bado nikidhani ni ya watu wengine.

Nimekumbuka kitu kimoja nikiwa njiani. Yule dada mwenye kibanda cha kushona kinachopakana na changu hapa Nyakahanga, hatusalimiani tangu Krismasi. Alichukua mteja wangu, au mimi nilichukua wake. Kwa kweli sikumbuki vizuri tena.

Kesho asubuhi, kabla sijafungua cherehani, nitapita kwake kwanza. Asipoitikia, nitamsalimia tena Jumanne.