Mapovu Ambayo Hayakutokea

Tarehe 4 Mei

Binti yangu mpendwa,

Niwie radhi kwa kimya changu cha muda mrefu. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa na hasira, na hasira si wino mzuri. Natumaini wewe na mumeo ni wazima.

Niliwapa wanafunzi zoezi: tieni vipande vya zinki katika asidi, sogezeni moto, andikeni mlichokiona. Karibu wote waliandika kwamba mapovu yalitokea na gesi ikawaka kwa mlio. Msichana mmoja tu aliandika: "Sikuona kitu." Nikaipima ile chupa. Karatasi ya litmasi ilibaki buluu, haikugeuka nyekundu. Nikatia magadi, hayakutoa povu. Maji matupu! Mtunza stoo alikuwa amechanganya chupa.

Msichana nimempa alama zote. Wengine, sufuri. Sasa mkuu wa shule anataka nibadilishe alama, la sivyo niondoke. Sibadilishi.

Baba yako

Tarehe 19 Mei

Shikamoo Baba,

Sisi hatujambo, ila barua yako imeninyima usingizi. Baba, umebakiza mwaka mmoja tu ustaafu! Wape hata nusu, yaishe. Watoto waliandika kilichomo kitabuni. Si ndivyo wanavyofaulu mitihani yote? Mama kanipigia simu, anasema unagonga ukuta kwa kichwa. Mwenye nguvu mpishe, Baba.

Binti yako

Tarehe 2 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Mama yako nimemsikia. Maneno hayo ndiyo kifungua kinywa changu kila asubuhi.

Juzi wanafunzi wale wale waliniomba turudie zoezi. Nikapata asidi ya kweli. Zinki ikatoa mapovu. Nikasogeza kijiti cha kibiriti chenye moto kwenye mdomo wa neli ya kioo: pa! Kinara wa darasa akaruka nyuma, akapayuka, "Kumbe ni kweli, Mwalimu!"

Mwaka mzima ameiandika sentensi ya gesi kuwaka kwa mlio, binti yangu, bila kuiamini.

Kwa kazi mpya nimewapa alama mpya. Zile sufuri zinabaki palepale. Mkuu aliniletea karatasi ya kukubali kuzibadilisha. Nimemrudishia bila saini. Nimpishe nani? Bodi ya shule itakaa Jumatatu. Wakinifukuza, nitatoka kwa mlango wa mbele, nimevaa tai.

Uamuzi ukitoka, vyovyote utakavyokuwa, nitakuandikia.

Baba yako