Kwa Mwalimu Subilaga, Aliyeniacha Nikose

Mwalimu,

Kwetu mtu akikutana na mwenzake asubuhi humwuliza, "Ugonile?" Umelala salama? Nimeshika kalamu muda mrefu kwa sababu sijui wewe nikuulizeje. Basi nakusalimu hivyo hivyo. Ni mimi Tusekile, mfungaji wako. Nimekaa jikoni kwangu Nkunga, mvua inanyesha tangu juzi, na nyumba nzima hakuna mtu wa kuzungumza naye.

Mwaka umepita tangu uzikwe kule Lupepo, nyuma ya nyumba ya kaka yako, penye migomba. Shamba la chai limeuzwa kweli, Mwalimu. Yale maneno tuliyoyasikia mkutanoni ukiwa hai hayakuwa uvumi. Wenye mali wapya wamepunguza wafanyakazi, na mimi jina langu lilisomwa kwenye orodha ya pili. Michezo hawana habari nayo. Kiwanja chetu cha netiboli nyuma ya kiwanda sasa wanaegesha malori. Nguzo zetu ziling'olewa. Moja nimeiona kwa mtu, imeshikilia banda la nguruwe. Bupe wa timu yetu yuko Dar, anauza mitumba. Atupele kaolewa Kyela. Wale tuliokuwa tukipanda nao trela la trekta, tukaimba mpaka Tukuyu, nikikutana na mmoja sokoni ananiuliza bei ya ndizi, basi. Hakuna anayeniuliza habari za mpira. Natamani ungekuwepo uniulize.

Nakumbuka siku uliponiona mara ya kwanza. Nilikuwa mchuma chai wa miaka kumi na tisa, na kambi nzima ilinijua kwa kufunga. Nilisimama mahali pamoja, kulia kwa nguzo, hatua mbili, nikarusha mpaka watazamaji wakachoka kuhesabu. Wewe ulikuwa karani wa mizani, umerudi karibuni kutoka mafunzo ya michezo huko pwani, na madaftari yako kuhusu jinsi mwili unavyojifunza umeyafunga kwenye mfuko wa nailoni yasilowe. Ulinitazama nikifunga. Sikusikia sifa hata moja. Ulisema, "Umemaliza? Haya, toka hapo."

Tangu siku hiyo ukaniharibia raha. Hukuniruhusu kurusha mara mbili kutoka mahali pamoja. Mara huku, mara kule, mara mpira mpya, mara ule uliopungua upepo, mara nimetoka kukimbia na kifua kinanipanda. Nikawa nakosa. Wachumaji wenzangu wakawa wanakuja jioni kucheka. Nikakuuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Nawe mikono nyuma: "Wewe umeonaje?" Mungu wangu, nilivyolichukia swali lile! Mwalimu gani anamwuliza mwanafunzi?

Kwenye trela ulijaribu kutueleza. Ulisema mazoezi yakiwa rahisi mwili unakariri tu, lakini yakichanganywa unalazimika kutafuta upya kila mara, na huko kutafuta ndiko kujifunza. Ukasema, "Nikiwaambia kila kosa mtazoea kunisubiri mimi. Na siku ya mechi mimi niko nje ya mstari." Na mimi ukaniambia niache kuwaza vidole. "Ukiwaza kidole kinakuwa kijiti. Waza pete." Nilisikia yote. Sikuamini hata moja.

Kisha tukafungwa na timu ya kiwanda cha jirani, nami nikakosa mipira ya wazi. Unakumbuka nilichosema? Mimi nakumbuka kila neno. Nilisimama mbele ya timu nzima, na jezi ya shamba mwilini, nikakwambia, "Umeniharibu. Nilikuja hapa najua kufunga, sasa sijui. Wewe hujui kufundisha." Wewe uliokota mipira mmoja mmoja, ukaitia kwenye gunia, ukaondoka nalo begani peke yako. Siku nyingine zote gunia lile nilikuwa nalibeba mimi.

Nikahamia timu ya mjini. Kocha wa pale alinipenda. "Simama unapopapenda, dada," alisema, "wengine watakuletea." Nikarudi mahali pangu, kulia, hatua mbili. Mazoezini nilikuwa malkia.

Halafu mkaja kucheza na sisi pale Tukuyu. Beki wako Atupele alifanya jambo moja tu. Kila mpira ulipokaribia, alifika kabla yangu pale mahali pangu, akasimama. Hakunisukuma wala kunigusa. Alisimama tu. Nikarusha kutoka kushoto, nikarusha kutoka mbali, na mikono yangu ikawa kama ya mtu mwingine. Kocha wangu alipiga kelele, "Kiwiko! Magoti! Tulia!" na kila alivyosema ndivyo nilivyozidi kukauka. Filimbi ilipolia nilikuwa nalia. Ukavuka mstari, ukaja mpaka nilipokuwa. Nilidhani umekuja kunicheka.

"Umeona nini?"

Nikakujibu, kwa mara ya kwanza. "Nimeona sijui kufunga. Najua kufunga pale tu."

"Haya," ukasema. "Jumanne saa kumi."

Nikaja. Nawe hukulitaja lile jambo tena, wala mimi.

Miaka iliyofuata ndiyo miaka yangu, Mwalimu. Wengine wanahesabu ya harusi au ya watoto, mimi nahesabu ile. Kulikuwa na mechi moja ya ukungu, mpira unateleza kama sabuni, beki mrefu amenifunika, nikarusha kutoka pembe ambayo sikuwahi kuisimamia maishani. Ukaingia. Mpaka leo sijui mkono ulijuaje. Nilikutazama. Hukupiga makofi. Ulikuwa unafuta mpira wa akiba kwa kitenge chako, lakini nilikuona ulivyobana midomo usicheke.

Kisha ikaja ile siku ulipoanguka kwenye banda la mizani. Kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na ulimi ukawa mzito. Kaka yako akakuchukua Lupepo, nami nikawa nakuja kila Alhamisi kwa miguu. Wifi yako alikutunza vizuri, sitasema vinginevyo. Alikulisha uji kwa kijiko kama mtoto. Wewe ulinitazama juu ya kile kijiko, na nilielewa.

Nikaanza kukuletea vitu. Kikombe, gunzi, punje za maharage, kifungo kilichoshonwa kwenye kitambaa, parachichi bichi. Ukishika hiki mara moja, nakupa kile. Kikombe kikaanguka, uji ukamwagika kwenye nguo zako. Wifi akatoka nje akiwa analia. "Msaidie basi, Tusekile! Unamtesa mgonjwa! Huna huruma?" Nilikuwa nimeikalia mikono yangu, Mwalimu. Kweli, nimeikalia, nikiibana chini ya mapaja ili isije ikakimbilia kile kikombe. Nawe kwa nusu ya mdomo ukamwambia wifi, "Mwa... che." Ndipo nilipojua wewe ulikuwa unabeba nini miaka yote ile ukisimama kimya nje ya mstari na mikono nyuma. Nilidhani kunyamaza ni kazi rahisi.

Mpaka mahindi yanavunwa ulikuwa unashika kikombe na kufunga blauzi yako, isipokuwa kifungo cha juu. Siku moja ulinirushia parachichi kutoka mlangoni. Likampata kuku. Tulicheka, wifi akacheka, wewe ukacheka mpaka machozi, upande mmoja wa uso tu.

Alhamisi mbili baadaye nilikuwa Mbeya na mzigo wa ndizi. Kiharusi kilirudi mara ya pili, usingizini, na hakikukuacha. Niliporudi kaburi lilishafukiwa, na watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Wifi yako alinishika akaniambia kwamba asubuhi ya siku yako ya mwisho ulikunywa chai mwenyewe.

Nilikuwa na neno, Mwalimu. Alhamisi zote zile nilitembea nalo kutoka Nkunga, nikifika naliweka pembeni, nasema wiki ijayo. Naliandika hapa. Nilikukosea. Nilikuvunjia heshima mbele ya wasichana wako, nawe hukuwa umeniharibu. Nisamehe. Sijui kama barua hii inafika popote, lakini nisamehe.

Sasa nikwambie na haya. Nilichukua wasichana wa shule moja ya Kisondela, Jumamosi. Na unajua nilifanya nini? Nilipiga kelele. Kiwiko! Magoti! Kila mpira nilikuwa na la kusema. Nadhani nilikuwa naogopa ule ukimya, maana ukimya wa pale uwanjani unafanana nawe. Wasichana wakawa wazuri haraka, watu wakanisifu. Siku ya mechi kila mmoja, kabla ya kurusha, aligeuka kunitazama. Kila mmoja! Na mimi nilikuwa nje ya mstari.

Nikaacha. Nikaanza kuwachanganyia mazoezi na kunyamaza, na kuwauliza lile swali lako. Wakaanza kukosa, kama nilivyokosa mimi. Mwalimu mkuu akaja kusimama kando yangu Jumamosi tatu, mtu mpole, si mbaya. Ya nne akaniambia, "Dada Tusekile, mbona kama hufundishi? Wazazi wanalalamika." Nikajaribu kueleza. Sikuwa na madaftari yako, kaka yako anasema panya waliyala, na maneno yangu yalitoka vibaya. Timu akapewa kijana mmoja mwenye filimbi. Anawapanga mistari, wote wanarusha kutoka mahali pamoja, inapendeza kutazama. Mimi nikaruhusiwa kutumia nguzo ya kule bondeni, kwa anayetaka. Walikuja watatu. Kisha wawili. Sasa anakuja mmoja, Lugano.

Jumamosi iliyopita alikosa karibu mipira yote. Mvua ilikuwa inatunyeshea, nami nilitaka sana kumwambia jambo kuhusu mguu wake wa kushoto. Sikumwambia. Nilimwuliza ameonaje, akanyanyua mabega, akachukua daftari zake akaondoka bila kuaga. Nikasema basi, na huyu nimempoteza. Nikabaki nafunga gunia.

Nilipoinua macho alikuwa amefika kwenye kona ya njia, kati ya migomba. Alikuwa amesimama. Ameweka daftari zake chini ya jani, mikono mitupu, anarusha. Hakuna mpira, hakuna pete. Anarusha, anatikisa kichwa, anasogeza mguu wa kushoto, anarusha tena. Hakujua kama namwona.

Nikageuka nikwambie, Mwalimu. Niligeuka kabisa, mdomo wazi. Nilikuwa peke yangu na gunia.

Ndiyo maana nimekuandikia.

Sasa pumzika. Ndaga fijo, asante sana kwa kila neno ulilolizuia. Nakuahidi Jumamosi nitashuka bondeni, na ijayo, na inayofuata. Lugano akija nitakuwepo. Asipokuja nitakuwepo pia, nitatia mpira upepo na kusimama pale, mpaka giza lianze kuingia.

Wako,
Tusekile