Mtoto Aliyechukuliwa Jukwaani

Mwembesongo,
S.L.P. 614,
Morogoro.
3 Agosti, 1997.

Mpendwa Dada Filomena,

Shikamoo. Naitoa mapema na kwa heshima zote, maana ukifika mwisho wa barua hii huenda usitake kuipokea. Mguu uliokuwa ukikuvimba kwa kusimama wodini umepona? Shemeji Ernest naye anaendeleaje, na baridi ya huko Gaborone mnaistahimili? Sisi hapa tu wazima. Yohana amerefuka mpaka suruali za shule zimekuwa kaptula. Salma aliumwa malaria mwezi uliopita, lakini sasa anakula kuliko mimi. Mlima unaamka na ukungu kila siku, na majirani wote ni wale wale.

Barua yako ya Juni ilinifika. Nilipokuandikia wakati wa Pasaka kwamba kikundi chetu kinaandaa mchezo wa kuigiza, nami nitakuwa mwanamke anayebeba mimba ya watu wengine, nilidhani nakuchekesha. Wewe ukanijibu kwamba mambo hayo yapo kweli. Ukasema Afrika Kusini kuna madaktari wanaoweza kuchukua mbegu yako na ya Ernest wakaipandikiza tumboni mwangu, kwa kuwa wewe ulitolewa kizazi. Ukaniomba nije, nizae, nikukabidhi mtoto, nirudi nyumbani, na nisimwambie mtu hata mmoja mpaka naingia kaburini. Jibu langu limo humu, ila usiruke kurasa kulitafuta. Nakujua tangu utoto, ulikuwa ukianza kula nyama kabla ya ugali.

Kwanza mchezo wenyewe. Kiwanda chetu unajua kiliuzwa. Mwekezaji alikuja na miwani ya jua, akapita kati ya mashine ameziba pua, na miezi mitatu baadaye tukapewa barua za kupunguzwa kazi. Kikundi cha ngoma na maigizo hakukigusa kwa sababu hakujua kwamba kipo. Basi tumebaki nacho. Mchana nashona nguo barazani kwangu, jioni tunafanya mazoezi katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi, ambao tunaufagia wenyewe.

Mtunzi wetu ni Castory, aliyekuwa karani wa stoo, mtu wa Bukoba. Alisoma habari hizo gazetini, maana siku hizi magazeti ni mengi kuliko wasomaji, akaandika mchezo akauita Tumbo la Kukodi. Tajiri na mkewe hawana mtoto. Wanamtafuta mwanamke asiye na kitu, madaktari wanampandikiza mbegu yao, anazaa. Mwishoni mtoto anakabidhiwa yule mke wa tajiri, na mwanamke aliyezaa anatoka peke yake upande wa pili, pazia linafungwa. Castory aliuona huo ni mwisho wa haki tupu. Kwao mtoto ni wa upande wa baba, si wa ukoo wa mama kama kwetu, basi hakuwaza zaidi ya hapo.

Kosa lilikuwa letu sisi Waluguru wa kikundi, nami nikiwa wa kwanza. Miezi mitatu ya mazoezi hakuna aliyeuliza mtoto huyu ni wa ukoo gani. Sisi ambao hata mbuzi akizaa twataka kujua mama yake alitoka zizi la nani! Tuliona ni mambo ya gazetini, ya Wazungu na mashine zao, tukakariri maneno tukapiga makofi.

Siku ya maonyesho ilikuwa Jumamosi ya tarehe 26 Julai, saa tisa alasiri. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Walikuja wafanyakazi wenzangu wa zamani, wanachuo, watu wa mashamba ya miwa waliokuwa likizo, na mama ntilie na vyungu vyao. Ndugu zetu wa Mlali nao walishuka kuniona. Mstari wa mbele alikaa Bibi Mwajuma, mdogo wake marehemu bibi mzaa mama, yule yule aliyekufunda ulipokuwa mwali. Alikuwa na fimbo yake na khanga mpya.

Ubishi ulianza mchezo haujafika nusu. Jamaa mmoja nyuma alipaza sauti kwamba kitanda hakizai haramu, mwenye mke ndiye mwenye mtoto. Mama mmoja akamjibu kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Binti wa chuo akasimama akauliza mzazi yupi, aliyetoa mbegu au aliyetapika miezi tisa, na hapo kila mtu akawa hakimu. Mimi niko jukwaani na tumbo langu la matambara, nimesahau maneno, nawasikiliza. Sikuwahi kuigiza mbele ya watu wanaosikia namna ile.

Tukafika mwisho. Nikamkabidhi mtoto Shakila, ambaye ndiye anayeigiza mke wa tajiri. Mtoto mwenyewe ni mto mdogo wa sufi nilioushona kwa shuka nyeupe. Nikageuka niondoke. Pazia halikufungwa, nikageuka kutazama kwa nini.

Bibi Mwajuma alikuwa amepanda jukwaani. Alimchukua mtoto mikononi mwa Shakila taratibu, akamweka mgongoni, akamfunga kwa khanga yake mpya, akashuka ngazi moja moja kwa fimbo. Alipofika mlangoni wanawake wakapiga vigelegele mpaka bati likalia. Castory alimkimbilia, akamwambia kwa adabu kwamba ule ni mto tu wa sufi, nao una kazi Jumamosi ijayo.

Bibi akamtazama. "Najua ni mto," akasema. "Mbona mlipokuwa mnampa yule mwenye hereni hamkusema ni mto?"

Akaondoka naye Mlali.

Dada, wiki ile sikushona hata kola. Barazani kwangu pakawa baraza la wazee. Mmoja ananiambia nimewavua nguo wanawake, mwingine ananipa mkono kama nimepasi mtihani. Mzee wa kanisa alipita akasema nimecheza na kazi ya Mungu. Nikamjibu kwamba Mungu alikuwepo ukumbini na hakutoka kabla ya mwisho kama yeye. Mama mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake cha gauni ambacho sijakikata, anasema hawezi kuvaa nguo iliyoshonwa na mwanamke anayegawa watoto. Nilimkunjia vizuri nikampa na vifungo vyake. Potelea mbali. Wateja wataniishia siku nyingine, si kwa jambo hili.

Castory alitaka nimshonee mto mwingine, maana tulikuwa tumeahidi kucheza Dakawa Jumamosi iliyofuata. Nilikataa. Nilimwambia mtoto akichukuliwa na ndugu zake haendi mtu kuzaa mwingine haraka haraka, bali huenda kuzungumza nao. Alinicheka, kisha akaona sicheki. Jumatano tukapanda Mlali, mimi, yeye na Shakila. Nilinunua doti ya khanga, sukari na sabuni, kwa sababu nyumba yenye mtoto mchanga haiendewi mikono mitupu. Njia nzima Castory alikuwa akiuliza mto utaogeshwaje.

Tulimkuta mtoto amelazwa ndani, juu ya mkeka, amefungwa uzi mweusi kiunoni. Bibi alipokea sabuni bila kucheka. Mjomba Kibwana alikuwa amekaa kando, maana yeye ndiye msimamizi wa ukoo na hawezi kukosa. Bibi akaniuliza mimi, si Castory: "Wewe uliyembeba, jina lake nani?"

Miezi mitatu nimembeba mtoto yule, hatukumpa jina. Hata kwenye karatasi za Castory ameandikwa "mtoto" tu.

"Ndiyo maana nikamchukua," akasema Bibi. "Nilikuwa nakaa pale nangoja mtu amwite, hamkumwita. Sisi lukolo letu halina mwana asiyeitwa. Mimi nimeshampa jina." Lukolo ni ukoo, Castory ilibidi aelezwe. Jina alilompa nitakuambia mwisho.

Castory, tumpe haki yake, aliuliza swali la kiume. Alimuuliza mjomba kama basi mke wa tajiri afe bila mtoto kwa kuwa hana kizazi. Mjomba akasema hakuna aliyesema hivyo. Mtoto aweza kulelewa popote, hata mbali, na atakayemlea ataitwa mama na atastahili. Lakini aletwe nyumbani, aonyeshwe tumbo alilotoka na watu wa tumbo hilo, na mwenyewe aambiwe akiwa na akili. Kumficha ni kumwiba, akasema, hata kama kila mtu amekubali.

Hapo, Dada, nikawaambia.

Ndiyo. Niliwaambia juu ya barua yako, wewe na Ernest na madaktari. Castory na Shakila niliwatoa nje kwanza, kwa hiyo ni mjomba na Bibi tu wanaojua. Uliandika neno siri ukalipigia mstari mara mbili, nami nimelivunja, na sikuombi radhi. Kasirika. Ukimaliza, soma yanayofuata.

Nitakuja. Tumbo langu ni lako, hukuhitaji kuandika kurasa nne kulibembeleza. Mama alipofariki wewe ndiye uliyeacha shule mwaka mzima kunilea. Nitapanda basi, nitapanda ndege, madaktari wanichome sindano zao zote. Yohana na Salma watakaa na mjomba. Nyumba ya matofali aliyoniahidi shemeji sitaki, mwambie ajengee kuku wake. Sikodishwi, mimi ni mdogo wako.

Lakini hutajifunga vitambaa tumboni miezi tisa ili majirani wa Gaborone na wakwe zako wa Rombo wadhani mimba ni yako. Mimi nimevaa matambara hayo jukwaani, yanawasha na yanateleza, na ukikaa vibaya yanakuaibisha. Ukiniomba tuwe wawili katika uongo huo, basi nasema hapana leo, na nitasema hapana hata ukija mwenyewe kulia barazani kwangu. Mtoto akitimiza siku arobaini utamleta Mlali wewe na Ernest pamoja, mkae mbele ya mjomba mseme alivyopatikana. Atakuita mama. Mimi ataniita mama mdogo, jina ambalo ningekuwa nalo hata bila sindano za daktari yeyote. Na siku akiuliza, ataambiwa na wewe, si na mtu wa sokoni.

Najua Ernest anaogopa ndugu zake watasema nini. Mwambie kwa utani wa shemeji yake kwamba mwanaume anayeweza kufanya biashara mpaka Gaborone anaweza kuongea sentensi mbili mbele ya dada zake. Bila utani, mwambie kwamba sitamzalia mwanawe kwa mlango wa nyuma. Kama hilo haliwezekani, atafute tumbo lingine, yapo, lakini litakuwa si la dada ya mkewe.

Jana tumecheza Dakawa, na Bibi alituruhusu kwenda na mtoto. Tumebadili mwisho, sasa tunamaliza wote watatu jukwaani, mimi, Shakila na yule tajiri mumewe, na mtoto anaitwa jina lake kwa sauti. Mkulima mmoja wa mpunga alilalamika kwamba mtoto gani ana mama wawili. Mkewe aliyekaa pembeni akamuuliza yeye alilelewa na mama wangapi, wakubwa kwa wadogo, na ni lini alilala njaa. Watu wakacheka, yeye naye akacheka. Castory bado anasema mwisho wake ulikuwa bora, na kwamba watu wa Dakawa wamempenda tu mtoto kama tulivyompenda sisi.

Nisalimie shemeji, na asome mwenyewe sehemu inayomhusu. Mjomba Kibwana anakusalimu na anasema njia ya Mlali unaijua. Yohana na Salma wanamwamkia mama yao mkubwa. Mungu wa mama yetu akulinde huko uliko, na akupe uthabiti wa kusema hadharani unachokitaka.

Bibi Mwajuma anakusalimu zaidi ya wote. Mtoto wetu wa sufi alimwita Saada, jina la mama, ambaye hata padre alipombatiza hakuacha kuitwa hivyo. Anasema mto ameuazima tu jina hilo, na siku utakapomleta mtoto mwenyewe, mto utamrudishia.

Mdogo wako akupendaye, hata ukiwa umenikasirikia,

Rahel