Neno la Mia na Moja

Ijumaa, 7 Machi
Majibu ya wagombea yamefika. Kiti kimoja cha bodi ya shule, wagombea wawili, swali moja: shule yetu ya Kettle Ford ifungwe? Ikifungwa, watoto watapanda basi saa nzima hadi mji wa jirani. Kamati yetu ya akina mama huwachapia wapiga kura majibu kama yalivyo, yasizidi maneno mia. Mimi ndiye ninayehesabu maneno. La mia na moja nalikata, hata sentensi ikiwa katikati. Sheria niliitunga mwenyewe, mwaka ule mgombea mmoja, daktari wa meno, alipotuletea kurasa sita!

Dirk Stroebel: maneno arobaini. Atawasikiliza wazazi wote. Haya.

Verla Haugen: mia na sitini! Mwalimu Verla, aliyewafundisha wanangu kusoma. Adabu imemzidi — anaanza na hoja za wanaotaka ifungwe. Paa linavuja, watoto tisini tu... Nikahesabu, nikakata, nikapeleka kwa mchapaji. Kisha nikaenda kula samaki wa kukaanga kanisani, ni Ijumaa ya Kwaresima.

Alhamisi, 20 Machi
Nakala zimetoka, nyingi zimeshagawiwa. Leo ndiyo nimelisoma jibu la Verla kwa utulivu. Mungu wangu! Linaishia: "Kwa hiyo nawaelewa kabisa wanaotaka shule ifungwe..."

Nikafukua barua yake. Neno la mia na moja ni "lakini". Baada yake, maneno hamsini na tisa ya kuitetea shule.

Ijumaa, 21 Machi
Nimempigia Bernice, mwenyekiti wetu. Nataka karatasi ya masahihisho. Hataki kusikia. "Miaka tisa unakata watu. Leo rafiki yako ndiye umrefushie? Dirk atasema tunampigia Verla kampeni, na mwakani hakuna atakayetujibu." Akanikumbusha nilichotia sahihi: mjumbe hasemi neno kuhusu mgombea mpaka kura zifungwe. Yuko sahihi, na ndilo linaloniuma.

Nikaenda kwa Verla kumwomba radhi. Kanikatia keki! "Acha hizo, bibie. Kosa langu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwapunguzia watoto alama kwa kuzidisha maneno." Ameweka jibu zima Facebook. Wamelisoma kumi na wanne. Mmoja ni dada yake, yuko mbali Arizona, hapigi kura hapa.

Jumapili, 30 Machi
Kanisani Verla alikuwa peke yake kwenye benchi lake, hakuna aliyemsogelea. Nimekaa naye.

Jumatatu, 31 Machi
Kesho kura. Theluji tena.

Orville Tesch, jirani yangu, kagonga hodi. Wajukuu wake wawili wako Kettle Ford. "Nyie akina mama, Mungu awabariki! Bila karatasi yenu ningempa Verla kura. Kumbe nyoka!" Anataka nakala mia mbili, azipitishe nyumba kwa nyumba mpaka jioni.

Nikamwambia jibu limekatwa, aangalie vile vinukta mwishoni.

"Nimelisoma mara nne, jirani. Nukta hazifungui shule." Kisha akanikazia macho. "Kwani wewe uko upande gani?"

Na nilitia sahihi nisiseme. Mimi!

Anayeomba nakala hupewa — hiyo nayo ni sheria yetu. Sanduku la nakala zilizobaki liko hapa, chini ya meza ya jikoni. Nimemwambia natafuta kamba ya kufungia. Kamba ninayo mkononi. Namsikia mlangoni anakung'uta theluji viatuni.

Anauliza kama nimeipata.