Kidole kwenye kitufe

Shoga, acha unachofanya usome. Nimekwisha.

Niko ndani ya kile kibanda cha kupimia masikio, kile kisichopitisha sauti. Msimamizi wangu aliniambia niingie nijifanye mgonjwa, ajaribu mashine. Nikavaa hedifoni, nikashika kitufe. Ukisikia mlio unabonyeza, taa inawaka mezani kwake. Basi.

Mara simu yake ikaita. Akapokea, na maikrofoni ya kuongea na mimi humu ndani hakuzima!

Nikasikia kila kitu, shoga. "Leseni yangu iliisha mwaka jana. Mwanafunzi hajui. Nitamsainia tu saa zake, nani atakagua?"

Nani atakagua! Si bodi ya leseni ndiyo inayokagua!

Digrii nimemaliza, uzamili nimemaliza, nimebakiza saa kumi na mbili tu za vitendo nikaombe leseni. Saa zote mia tatu nilizokwisha fanya kanisimamia yeye! Na msimamizi asipokuwa na leseni, haihesabiki hata moja. Nikisema, naanza upya. Nikinyamaza, na mimi ni mwongo kama yeye.

Nikajiambia, kausha, hujasikia kitu.

Lakini mwaka mzima kazi yangu ni kuwaambia watu: ukisikia, bonyeza. Ukisikia, bonyeza. Kidole kikabonyeza chenyewe, wallahi.

Taa ikawaka. Akageuka, akanikazia macho kupitia kioo cha kibanda, simu bado iko sikioni.

Nakuandikia simu ikiwa mapajani asiione. Amesimama nje ya mlango wa kibanda, mkono kwenye kitasa, na maikrofoni sasa kaizima. Anaongea na huyo wa kwenye simu huku ananitazama mimi. Naona midomo tu inavyokwenda. Sisikii kitu.