Nusu Yako ya Yai

Mama Akinyi,

Mke mwenzangu, nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho jikoni, wewe Mjaluo wa Magunga, mimi Mkuria niliyeletwa kutoka Migori bila neno moja la Kijaluo. Tangu tukuzike sina wa kuzungumza naye. Nikiipua sufuria bado nageuka nikwambie uonje chumvi.

Tumepata Uhuru, mvua nayo imekataa kuja. Mahindi watu wenyewe wanayatafuta, kuku atapewa na nani? Waombolezaji walimaliza majogoo na mitetea wote, ila wale tembe wako saba niliwafunika kwa tenga, nikaliegemea nikilia. Watu wakasema, jamani, mke mdogo alimpenda mkubwa. Kweli nilikupenda. Lakini pia nilikuwa nalinda kuku.

Nilikuwa nalinda ahadi yetu. Ulisema, "Sisi tunafuga, wanaume wanakula nyama, wanakula mayai, sisi tunafagia kinyesi tu!" Yai la kwanza la hawa tungelikata nusu kwa nusu nyuma ya jiko, na mwiko wa wazee wa kutukataza mayai uende zake. Tulicheka mpaka mume wetu akauliza kuna nini.

Nikashuka bondeni kukata kile kichaka chako kisichoogopa kiangazi, kile ulichokuwa ukiwalisha kuku nami nakuchekea: kuku si mbuzi, wewe! Jina lake la Kijaluo limenitoka. Nikawarushia majani mabichi. Wakaharisha, wawili wakafa. Niliwafukia nikikuomba msamaha kwa sauti, peke yangu pale shambani.

Ndipo nikakumbuka mkeka wako mkuukuu wa kuanikia majani hayo, na ulivyonifokea siku niliyouburuta juani: "Kivulini, mama! Kivulini!" Nikaanika kivulini siku tatu, nikatwanga, nikachekecha kuondoa vijiti, nikachanganya na pumba na vumbi la omena, wale samaki wadogo wa ziwani. Kidogo tu kila asubuhi, kama ulivyokuwa ukifanya. Wale watano wakachangamka, wakakua. Laiti ungewaona wanavyonifuata uani, utadhani mimi ndiye wewe.

Jana mmoja alitaga.

Nililichemsha, nikalikata kwa uzi nyuma ya jiko. Nusu yangu niliitia mdomoni, machozi yakaja, hata ladha yake siwezi kukwambia. Nusu yako ikabaki mkononi. Nikangoja, sijui nilikuwa nangoja nini. Ikapoa. Basi nikamwita Akinyi wako. Akauliza kama msichana anaruhusiwa. Nikamwambia, mama yako amekuachia.

Alikula, akalamba vidole, akauliza kama kuna lingine.

Lala salama, dada yangu. Nimekukosa mno. Lingine lipo njiani, kesho au kesho kutwa, na hilo Akinyi hatalila nyuma ya jiko. Atalila mlangoni, mchana, baba yake akimwona, na mimi nimesimama kando yake.

Wako wa jikoni,
Robi